Jinsi ya kumfanya kijana wa sekondari apende kujifunza bila fimbo wala hela

Kwanza kabisa mimi sio mwalimu, naomba ieleweke mapema. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza sementi, nondo, misumari, tailizi na rangi, na hesabu ya kidato cha nne nilipata F iliyonyooka kabisa, kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kumfundishia mwanao logarithimu pita hivi. Ila nimekaa na watoto wa dada yangu likizo ya tatu sasa, binti yupo fom thrii na mdogo wake fom wan, na mara ya kwanza dada alivyowaleta aliniambia kaka hawa watoto ni simu asubuhi simu usiku, kitabu hawagusi, hebu kaa nao labda kwa anko wao watanyooka. Hawajanyooka. Lakini sasa hivi wanajisomea vitu ambavyo hakuna aliyewatuma, na watu wananiuliza dukani nimewafanyaje, basi wacha niandike mara moja yaishe.

Nianze na nilipochemka maana ndipo wengi wanapoanzia. Nilitangaza elfu tano kwa kila kitabu mtu atakachomaliza. Binti akamaliza vitatu ndani ya wiki, nikajisifu mpaka kwa majirani, baadae ndio nagundua alikuwa anasoma jalada la nyuma na kurasa mbili za mwisho, anakuja kunisimulia kwa kujiamini kabisa, na mimi nachomoa hela. Elfu kumi na tano ikaenda hivyo. Na kibaya zaidi hela ilipokata na kusoma kukakata, kwa sababu nilishamfundisha kwamba kitabu ni kibarua, sasa kibarua bila malipo nani anafanya? Dogo yeye nilimbandikia ratiba ukutani, saa mbili mpaka saa nne asubuhi hesabu, nikampa na daftari jipya. Alikaa kweli hizo saa mbili. Alichora magari.

Nilichokuja kukielewa ni hiki, kijana wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba ana pua ya kunusa shule. Ukimletea kitu kinachonuka shule hata kama ni kitamu hali. Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni moja tu, weka swali mezani halafu uondoke. Usieleze, usiulize "umeelewa?", usisahihishe, usimwambie jibu hata akikubembeleza. Ondoka kweli, nenda kaoge. Mtu akiachwa na swali lisilo na mwenyewe linamuwasha, na akikuna mwenyewe ndio utamu unapoanzia.

Sasa maswali gani. Hapo ndio pana kazi, maana sio kila swali linawasha.

Anza na namba yake mwenyewe

Mchana tumemaliza kula, nikachukua risiti ya dukani nikageuza nyuma nikamuuliza dogo umezaliwa mwaka gani, akasema 2011. Nikamwambia panga hizo tarakimu kuanzia kubwa kwenda ndogo, 2110, halafu kuanzia ndogo kwenda kubwa, 0112, toa. Ikaja 1998. Rudia hivyo hivyo kwa hiyo 1998, yaani 9981 toa 1899, ikaja 8082. Tena, 8820 toa 0288, 8532. Tena, 8532 toa 2358, ikaja 6174. Tena? 7641 toa 1467 ni 6174. Hapo imekwama, haitoki. Akasema sawa kwa hiyo? Nikamwambia jaribu mwaka wa mama yako. Nikaenda kuoga.

Nimerudi wako wawili na karatasi imejaa. Namba yoyote ya tarakimu nne inaishia 6174, mradi tarakimu zote zisiwe zinafanana (yaani sio 3333), na haizidi hatua saba. Wao walikuwa wanatafuta inayogoma, binti anasema lazima ipo, dogo anasema haipo, na hapo wamefanya hesabu za kutoa kama arobaini bila mtu kuwaambia leo tunafanya kutoa. Kitu hiki kiligunduliwa na mwalimu wa shule wa kule India, D. R. Kaprekar, alizaliwa 1905, hakuwa profesa wala nini, alikuwa anacheza na namba tu kwa kuzipenda na wakubwa wa hesabu wa kwao wengi hawakumtilia maanani. Hilo la Kaprekar niliwaambia siku tatu baadae, sio siku ile, ukianza na historia umeshaharibu. Kesho yake niliwaachia lingine tu, je namba za tarakimu tatu nazo zina kituo chao? Na wewe sikwambii, jaribu.

Muhimu hapa ni kwamba hesabu yenyewe iwe nyepesi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, basi. Ugumu uwe kwenye ajabu yake na sio kwenye kuhesabu, maana hawa watoto wengi wameshaambiwa hawana akili ya hesabu na wameamini, wakiona ekisi na wai wanafunga duka.

Kalenda, hii ndio iliyonipatia heshima

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu inakaa kichwani na unaweza kutamba nayo mbele za watu, na kijana anapenda kutamba, usimnyime.

Chukua kalenda ya mwaka wowote. Angalia tarehe 4 mwezi wa 4 ni siku gani. Halafu 6 mwezi wa 6. Halafu Nane Nane. Halafu 10 mwezi wa 10, halafu 12 mwezi wa 12. Zote siku moja! Mwaka 2025 zote ni Ijumaa, mwaka 2026 zote ni Jumamosi. Kila mwaka, miaka yote, haijalishi. Yaani Nane Nane ya Tanzania na Jamhuri Dei ya Kenya ya tarehe 12 Disemba haziwezi kuangukia siku tofauti hata wafanyeje.

Unaacha hapo. Usiseme kwa nini. Binti alikaa nayo siku mbili, akaja dukani kwa miguu jua kali, akaniambia anko ni 63. Kutoka 4/4 mpaka 6/6 ni siku 63, kutoka 6/6 mpaka Nane Nane ni 63, mpaka 10/10 ni 63, mpaka 12/12 ni 63, na 63 ni wiki tisa kamili. Nilikuwa namhudumia mteja wa mabati, mteja na yeye akaanza kuhesabu kwa vidole, mabati yakasubiri.

Ukishajua hiyo unaweza kupata siku ya tarehe nyingine. Mfano mtu kazaliwa tarehe 17 Juni, mwaka 2026 birthidei yake itakuwa lini? Unajua 6/6 ni Jumamosi, basi na 13 ni Jumamosi, hesabu nne mbele, 17 ni Jumatano. Sabasaba je? Kutoka Sabasaba mpaka Nane Nane ni siku 32, yaani wiki nne na siku nne, kwa hiyo Nane Nane ikiwa Jumamosi rudi nyuma siku nne, Sabasaba ni Jumanne. Siku ya Uhuru ni siku tatu kabla ya 12/12, Muungano ni wiki tatu na siku moja baada ya 4/4. Na kwenda mwaka mwingine unasogeza siku moja mbele, kwa sababu siku 365 ni wiki 52 na siku moja inabaki, ila ukiingia mwaka mrefu unasogeza mbili. Kwa hiyo 2027 ni Jumapili, 2028 ni Jumanne. Siku hizi dogo kwenye misiba na maharusi anazunguka anawauliza watu wazima tarehe zao za kuzaliwa, anawapa siku, wazee wanadhani ana kitu.

Na hapo hapo ukiwa kwenye siku, waulize hivi, mbona Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano, halafu inafuata Alhamisi? Alhamisi ni Kiarabu na maana yake ni siku ya tano pia. Wiki yetu ina siku za tano mbili! Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, sisi tumeanza na siku inayofuata Ijumaa, tukachukua la kwao na letu tukaweka vyote. Umeishi na hiyo wiki maisha yako yote, uliwahi kuiangalia?

Watoe nje, hesabu ziko site

Huku kwenye biashara yangu najua kidogo zaidi. Siku moja tulikuwa tunapeleka mzigo site nikaenda nao, fundi alikuwa anapima msingi. Fundi yule ni darasa la saba, anavuta kamba, anapima mita tatu upande mmoja anaweka alama, mita nne upande wa pili anaweka alama, halafu anapima kati ya alama na alama, ikisoma mita tano kamili kona imekaa skwea, ikipungua au ikizidi anasogeza kamba. Binti akasimama pale mdomo wazi. Hii si Pithagorasi? Fundi akasema mimi hiyo sijui, hii ni tatu nne tano, nimefundishwa na fundi wangu.

Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Alikuwa ameifanya darasani mwaka mzima na kufeli nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba anayolala ina kona nne zilizopimwa na hiyo hiyo. Usiku alinirudia anauliza kama zipo namba nyingine zinazokubali hivyo ukiacha kuongeza ukubwa wa 3, 4, 5. Nikamwambia zipo. Zipi? Nikamwambia sijui mi nauza misumari. (Najua moja, 5, 12, 13, lakini nilikaa kimya, alizipata nne mwenyewe.)

Kama huna site karibu usihangaike, jikoni kupo, sokoni kupo. Mtume akakadirie tailizi za chumba, za sentimita 40 kwa 40, mita moja ya mraba inakula sita na robo, ataanza kujiuliza robo inakatwaje na inayobaki inaenda wapi, na ukweli ni kwamba hapo ndipo mafundi wanapopiga hela. Muache aligundue mwenyewe.

Usidharau bao, na usidharau wanaolicheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32, unaanza na kumi zimepangwa na 22 mkononi, na mzee aliyekaa kijiweni pale anahesabu kichwani kete zikitembea raundi tatu mbele zitalala wapi. Muombe mzee amfundishe dogo, atamfunga kwa dharau kwa muda wa mwezi na hiyo dharau ndio ada ya shule. Mimi nimefungwa na dogo mwezi wa tatu, nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye, na hapa niseme kitu, kijana lazima apate mahali pa kukushinda kihalali. Usijiachie ufungwe makusudi, wanajua.

Stori ya Mpemba

Ukiwa na dogo anayeuliza maswali ya ajabu halafu akirudi shule amenyamaza kwa sababu wenzake walimcheka, mpe stori hii, na ni ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unasubiri yapoe ndio uingize kwenye friza. Siku hiyo nafasi kwenye friza zilikuwa zinagombaniwa, akaona akisubiri atakosa, akaingiza ya moto hivyo hivyo. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingia ya baridi. Akauliza, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda kusoma Mkwawa kule Iringa, akauliza tena, akachekwa tena, ikawa utani darasani, akikosea kitu wanasema hiyo ndio fizikia ya Mpemba. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, kuongea na wanafunzi, Mpemba akanyoosha mkono akauliza lile lile, wenzake wakacheka. Tofauti ni kwamba Osborne alirudi chuoni akalijaribu. Mwaka 1969 wakaliandika pamoja kwenye jarida la kisayansi, na leo dunia nzima inaliita kwa jina lake, na wanasayansi mpaka sasa hawajakubaliana kwa nini linatokea na hata kama linatokea kila mara.

Sasa usiishie kwenye stori. Vikombe viwili vya bati vinavyolingana (sio vya glasi vitapasuka), maji yale yale kipimo kile kile, kimoja moto kimoja baridi, viingie friza pamoja, kila mtu aseme anaamini nini kabla. Sisi tulijaribu mara tatu. Mara moja moto ulishinda, mara moja baridi ilishinda, mara moja umeme ulikatika na tukagombana nani alifungua mlango wa friza. Dogo akaanza kuandika kwenye daftari saa ya kuingiza na saa ya kuangalia, ile daftari ya magari.

Vitabu sasa

Hapa wazazi wengi ndipo tunapoua. Tunanunua kitabu "chenye mafunzo". Kijana anajua, kitabu chenye mafunzo ni hotuba iliyofungwa na gundi.

Mimi nilianza na za upelelezi, zile tulizokuwa tunaficha chini ya dawati. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake anachunguza mambo Unguja, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, Willy Gamba wa Elvis Musiba (huyu ana mambo ya kikubwa, pitia wewe kwanza ujue unampa nani). Sikuwapa. Nilisoma kwa sauti. Umeme umekatika, tumekaa barazani, nikawasha tochi ya simu nikaanza, kurasa kama kumi, nikafika pale mlango unagongwa saa nane usiku na anayegonga haijulikani ni nani, nikafunga kitabu nikasema nimechoka jamani, tutaendelea kesho. Nikakiacha kwenye kiti. Asubuhi alama yangu ilikuwa imehama kurasa sitini na hakuna aliyekiri.

Kumsomea mtoto wa fom thrii kwa sauti watu wanaona ni ya watoto wadogo, si kweli, mbona watu wazima wanasikiliza tamthilia za redio mpaka chai inapoa. Isipokuwa isome vizuri, weka na sauti za watu, ukisoma kama unasoma tangazo la msiba watalala.

Akikuambia hiki kimenichosha, mwambie kiache. Kweli. Wewe mwenyewe filamu ikikuboa unabadilisha, yeye kwa nini amalize? Na usije ukamuuliza umejifunza nini, hilo swali liue kabisa nyumbani kwako. Muulize "huyo jamaa alikufa?" au bora zaidi kisome na wewe mbishane nani muuaji. Na chochote kilichoandikwa kinahesabika, kurasa za michezo, katuni, maelekezo ya simu mpya, mashairi ya kujibizana. Hapo kwenye mashairi nilipata kitu ambacho sikutegemea. Binti anapenda wasanii wa hipihopu, nikamwambia wazee wetu walikuwa wanabana zaidi, shairi la tarbia ni mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) kumi na sita, nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, nane kwenye utao, nusu ya pili, na vina vikubali katikati na mwisho. Akasema rahisi. Baada ya saa nzima akaja na hii,

Simu yangu imezima, bando nalo limekwisha,
Nimekaa nalalama, anko naye amechosha

Hesabu mizani, zimetimia. Ubeti alimaliza siku ya pili, na dogo ndiye aliyegundua kwamba nne mara kumi na sita ni 64, sawa na kete za bao. Haina maana yoyote hiyo, ni bahati tu, lakini muone mtu anayegundua kitu kama hicho uso wake unavyokuwa.

Kuhusu lugha niseme wazi maana napishana na wengi. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia fom wan kila kitu kimegeuka Kingereza, fizikia Kingereza, historia Kingereza, na miezi ile ya kwanza wengi hawafeli somo, wanafeli lugha, halafu wanabaki wanaamini ni wajinga. Ushauri unaotolewa ni mkazie Kingereza tu nyumbani kote. Mimi nasema muache asome kwa furaha Kiswahili kwanza, aizoee ile hali ya kupotelea kwenye kurasa. Aliyezoea kupotelea kwenye kurasa za Kiswahili ataifuata stori nzuri hata ikihamia Kingereza, na kamusi ataishika mwenyewe. Ambaye hajawahi kupotelea popote hata umpe kwa lugha ya mama yake hafungui.

Hela ya vitabu sio kisingizio kikubwa sana. Pale Posta, Dar, wapo wanaouza vitabu vilivyotumika vimepangwa chini, ukijua kupatana unapata vya bei ya chipsi. Maktaba Kuu ya Taifa ipo hapo hapo Dar, barabara ya Bibi Titi, na mikoani zipo maktaba za mkoa ambazo watu wanapita nje kila siku kama vile ni ofisi ya kodi. Vya shule, Taasisi ya Elimu ina maktaba yake ya mtandaoni, vitabu vya kiada unasoma bure kwenye simu.

Simu yenyewe usiipore. Nilipora wiki ya kwanza, nilichopata ni watoto wawili wamenuna na mmoja aliyejifunza kufungua kabati. Sasa hivi naitumia kama chambo. Mfano hii, kwenye chumba cha watu 23 tu kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwa nusu kwamba wawili wana birthidei moja, na watu 50 inafika asilimia 97. Nani ataamini? Mwaka una siku 365. Nilimwambia dogo darasani kwenu mko wangapi, akasema sitini na kitu, nikamwambia nenda kapige kura kwenye grupu lenu, ukikosa wanaofanana nakununulia bando la mwezi. Hiyo sio zawadi ya kusoma bwana, hiyo ni kamari na nilijua nashinda. Walipatikana jozi tatu. Grupu zima likaanza kubishana kwa nini, na ukweli kuwaeleza vijana sitini kwa nini ilinishinda, akawaeleza binti, kwamba usihesabu watu hesabu jozi, watu 23 wanatengeneza jozi 253.

Siku nyingine hakuna kitakachofanya kazi. Mtu amegombana na rafiki yake, au amechoka tu, umeweka swali zuri limelala mezani mpaka chai imemwagikia. Liache. Usiligeuze kuwa mhadhara. Na ukiona wamenogewa acha wewe kwanza kabla hawajachoka, kama mpishi anayeondoa sufuria watu wanataka kuongeza.

La mwisho ninalotumia ni hili, na hili halina jibu duniani. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Kama inagawanyika kwa mbili, igawe. Kama haigawanyiki, zidisha kwa tatu ongeza moja. Rudia. Kila namba iliyowahi kujaribiwa inaishia 1, ila tangu Mjerumani mmoja anaitwa Lothar Collatz alianzishe miaka ya 1930 hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba zote lazima zifike. Muanzishie 26, inafika kwa hatua kumi. Muanzishie 28, hatua kumi na nane. Halafu kwa upole kabisa mwambie hebu na 27, na umpe karatasi ndefu. Sisi tulitumia ile roli ya karatasi ya mashine ya risiti. Dogo alianza saa kumi jioni, namba inapanda inashuka, ilipopita elfu tatu akasema anko hii imeharibika, ikafika 9232, dada yake akawa ameshakuja kusimamia asikosee, na waliitwa kula mara mbili hakuna aliyeinuka. Hatua 111. Karatasi imebandikwa kwa gundi ya mbao kwenye mlango wa stoo yangu, kuanzia juu mpaka chini na imekunja inarudi juu, kuna sehemu amekosea akafuta akaandika upya, na wateja wakiingia wanauliza hiyo ni bei ya nini.